Taja Kabla Hujashuka

Tabaka, 9 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Joyline,

Sisi huku hatujambo, na mimi ndiye sijambo kuwashinda wote. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, mguu mmoja mweupe. Baba yako mdogo Mose na mkewe Nyasani wako kwao ng'ambo ya kijito, wanapalilia mahindi. Mvua imeanza, na ya mwaka huu haina adabu.

Naandika Kiswahili kwa sababu marehemu baba yako alikulea huko Mombasa bila kukufundisha Ekegusii hata neno la kuombea maji, Mungu amsamehe. Hiki Kiswahili nilikipata kwa wafanyabiashara waliokuja kununua viboko vya mtoni ninavyochonga kwa mawe, nikakishinda, na shule niliacha darasa la tatu. Simu uliyoninunulia iko salama, nimeifunga kwenye soksi. Simu inamkatiza mtu. Barua inanyamaza mpaka umalize.

Sasa jambo lenyewe. Sabato iliyopita tukitoka kanisani niliwaambia wazee kwamba mjukuu wangu anaamuru mashine huko Mombasa, na mashine ikikosea anaikemea. Mwalimu Nehemiah akacheka. "Anaikemea vipi, Mzee Nyangate? Kwa fimbo?" Watu wakacheka naye, hata wasio na meno. Nikamwambia nitamletea jawabu kwa maandishi. Kwa hiyo niandikie: mashine ikikosea, wewe unafanya nini? Tumia herufi kubwa, miwani yangu ina mkwaruzo.

Mengine ni madogo. Mlango wa chumba cha kulala siku hizi unataka bega ndiyo ufunge. Mbao imekunywa mvua. Bado nashuka kwenye shimo langu la mawe kila asubuhi, umri huu, na hakuna kijana wa Tabaka anayeweza kunifuata. Nimelipata lile jiwe jekundu la kupauka, kama ulimi wa ndama. Hakuna mwingine analo.

Ni mimi babu yako Nyangate, ambaye kiboko chake kimesimama mlangoni mwa hoteli kubwa huko Kisumu.

*

Mombasa, 23 Machi 2025

Babu, shikamoo.

Barua yako ilifika na basi, imekunjwa ndani ya mfuko wa ndizi, na ndizi zilifika nzima. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini bado anauza vitambaa vyake. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi.

Mwambie Mwalimu Nehemiah hivi. Naandika programu kwa lugha inayoitwa Java. Programu yetu inachunga makontena ya baridi, yale ya matunda na samaki. Kontena likikatikiwa na umeme, programu inatakiwa kupiga kelele.

Kazi yoyote yenye hatari, Java inakuruhusu kuizungushia neno *try*, yaani jaribu. Chini yake unaweka *catch*, yaani kamata. Kitu kikiharibika kule kwenye jaribu, kosa linarushwa, na pale kwenye kamata linadakwa, nawe unaandika la kufanya. Kosa la kurushwa hivyo linaitwa *exception*. Mimi naliona kama mjumbe: linakuja na jina lake, na linaeleza limetoka wapi.

Ziko aina. Za kwanza ni zile zinazojulikana mapema. Ukienda kufungua faili, huenda halipo. Ukiita mashine nyingine kwa mtandao, huenda isijibu. Kwa hizo Java hairuhusu unyamaze: ama uzikamate, ama uandike wazi juu ya kazi yako kwamba inaweza kurusha kosa hili, ili anayeiita ajitayarishe. Usipofanya hivyo programu inakataliwa hata kabla haijaanza. Za pili ni za ghafla, hulazimishwi kuzitangaza. Nyingi ni uzembe wa mwandishi, kama kuinua kikombe unywe bila kuangalia kama kikombe kipo. Za tatu haziitwi exception, zinaitwa *Error*. Hapo mashine yenyewe imeishiwa, sakafu unayosimamia ndiyo inaondoka. Hizo kwa kawaida hatujaribu kuzikamata. Unaiacha programu ife, unaokoa kinachookoleka.

Kibaya kuliko vyote ni kamata tupu. Mtu anadaka kosa, halafu ndani haandiki kitu. Kosa limemezwa, programu inaendelea kutabasamu. Ofisini kwetu kuna mtu alifanya hivyo, na kontena zima la parachichi, tena za kutoka huko kwetu Kisii, likaoza huku skrini ikionyesha kijani. Msichana wa zamu, Sharon, amesimamishwa kazi, ati hakuangalia. Bosi wetu Gibson amesema hakuna likizo kwa yeyote mpaka chanzo kipatikane. Basi ndiyo hivyo.

Huo mlango, mwambie Baba Mose aupige randa.

Mjukuu wako,
Joyline

*

Tabaka, 13 Aprili 2025

Kwa Joyline, mjukuu wangu wa Mombasa, omochokoro kwa lugha yetu,

Ndama ananyonya vizuri. Nyasani ameleta mboga za chinsaga, nikala na ugali mpaka nikalegeza mshipi. Mama yako mwambie apashe majani ya mnyonyo, afunge goti, aache dawa za duka.

Barua yako nilimsomea Mwalimu Nehemiah nje ya kanisa, mbele ya watu walewale. Alisikiliza mdomo wazi kama mkebe. Halafu akauliza, "Na hilo kamata tupu, mtu mwenye akili zake analiandika kwa nini?" Nikamwambia mvua inakuja, nikaondoka. Niandikie jawabu.

Lakini hiyo ya kutangaza mapema usidhani ilivumbuliwa ofisini. Sisi wachimbaji wa jiwe la sabuni tunayo tangu zamani. Inaitwa kutaja. Mtu hashuki shimoni mpaka awe na mtu wa mdomoni, yule anayesimama juu pale mdomo wa shimo ulipo. Kabla hujashuka unamtajia: "Maji yakiingia, nitupie kamba. Udongo ukimwagika, piga kelele waje na majembe, wewe usishuke. Nikinyamaza, niite jina." Kwa kila moja anakujibu, "Nimesikia." Asiposema nimesikia, hushuki. Kwa hiyo hiyo Java mimi nimeijua kabla hujazaliwa.

Ila mimi binafsi sikuwa mtu wa kutaja. Kutaja ni kwa waoga na wageni. Mtu wangu wa mdomoni alikuwa Obwocha, yule mrefu anayetembea ameinama. Ananyoosha kamba, anasema, "Nyangate, taja!" Namwambia, "Nilitaja jana." Tunacheka, nashuka. Siku hizi haji. Alikuja mara ya mwisho akaizunguka nyumba yangu, kichwa upande huu, kichwa upande ule, kama mnunuzi wa ng'ombe mgonjwa. Akasema maneno ya kipuuzi, nikamfukuza. Sasa nashuka peke yangu, na ni afadhali. Obwocha anaongea sana.

Habari nyingine. Nimehamia jikoni kulala, kuna joto. Chumba nimekipamba, nimetundika ukutani kalenda ya kanisa ya mwaka huu, na ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Kuku wamekataa kulala upande ule, lakini kuku ni wajinga. Choo kimehama kidogo.

Na huyo wa ofisini mwenye kamata tupu. Umeandika "kuna mtu." Msichana wa zamu umempa jina, bosi umempa jina, parachichi umezipa kabila. Huyo peke yake ndiye hana jina. Mimi ni mzee, si kipofu.

Babu yako,
Nyangate, ambaye hajawahi kuvutwa kwa kamba.

*

Mombasa, 27 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Mama amefunga yale majani na anasema anasikia nafuu, ingawa nyumba nzima inanuka shamba. Mvua imefika hata huku, barabara ya kwetu ni mto.

Babu, choo hakihami.

Nimekisoma kipande kile mara nyingi. Wacha nikueleze jambo jingine la Java. Kosa likirushwa na lisidakwe na yeyote, mashine huchapa nyayo zake: limeanzia mstari huu, ulioitwa na kazi ile, iliyoitwa na nyingine, hivyo hivyo mpaka juu. Ukizisoma nyayo hizo unafika penye chanzo. Na kama mtu amedaka kosa moja akarusha jingine badala yake, anatakiwa alifunge lile la kwanza ndani ya la pili, sababu isipotee njiani. Asipofanya hivyo, wa juu anapokea kosa lisilo na mizizi.

Ndivyo unavyoniandikia. Umehamia jikoni, sababu joto. Umetundika kalenda tatu, sababu mapambo. Obwocha hakanyagi kwako, sababu anaongea sana. Nimezifuata nyayo kurudi nyuma: mlango haufungi, kuku wamehama, choo kimehama, na ukutani kuna kitu ambacho kalenda moja haikutosha kukifunika. Nina swali moja tu. Hilo shimo lako, sasa limefika chini ya nini?

Jawabu la Mwalimu Nehemiah ni hili. Mtu anaandika kamata tupu kwa sababu kesho wateja wanakuja kuonyeshwa programu, na maandishi mekundu yamejaa kwenye skrini, na bosi amesema, "Ondoa hayo mekundu." Anayaondoa. Anajiambia atarudi kuandika la kufanya. Harudi. Ya huyo mtu tuyaache hapo.

Ningekuja kukuona. Siruhusiwi kutoka. Tunafika ofisini, tunakaa, Gibson anapita nyuma ya viti vyetu akiangalia vioo vya mashine zetu.  Kiti cha Sharon kiko palepale, na sweta yake bado iko mgongoni mwa kiti.

Nijibu upesi.

Joyline

*

Mombasa, 25 Mei 2025

Babu,

U mzima? Sijapata barua. Nimepiga simu, imezimwa, nadhani bado iko kwenye soksi. Nimempigia Baba Mose aje kukuangalia, akaniambia, "Mzee yuko sawa, amenipa uji." Nikamuuliza, "Uliingia chumbani?" Akasema chumbani kumefungwa.

Mama anakuombea. Magoti yake yako vilevile. Hapa kazini bado chanzo hakijapatikana.

Shimo limefika chini ya nini?

Joyline

*

Tabaka, 8 Juni 2025

Kwa Joyline,

Umemtuma Mose kwangu kama askari. Bahati yako huyo mtoto hana maswali, akipewa uji anakunywa. Ndama amekuwa mkubwa. Mahindi yamelala kwa upepo. Mimi ni mzima na nina nguvu kushinda hao wanaoniulizauliza.

Sikujibu kwa sababu sikutaka. Sasa umeuliza tena, na ukiuliza tena nitashindwa kula. Basi sikia.

Ni shamba langu. Jiwe jekundu nililiona kule ukingoni linakopakana na timbo la kuchimbia mawe, nikalifuata. Jiwe halijui mpaka wa boma. Likapita chini ya migomba, nami nyuma yake. Likapita chini ya choo. Likapita chini ya chumba. Kila mwaka nilisema naishia hapa, na kila mwaka kule mbele lilikuwa zuri zaidi, halina doa, unalikata kama siagi. Wachongaji wote wa hapa walikuwa wanakuja kulishika tu kwa mkono, wanatikisa kichwa. Nani angeacha?

Sasa limefika kwa nyanya yako.

Haya, nimeandika. Kwamboka amelala upande wa kulia wa nyumba, mahali alipopachagua mwenyewe, karibu na pale alipokuwa anaanika wimbi. Matofali ya kaburi niliyapanga kwa mikono hii. Na kwa mikono hii nimetoa kilichokuwa chini yake. Siku hizi sishuki kuchimba, nashuka kuegemeza. Nakata mkaratusi, nasimamisha nguzo, napanga mawe. Nikipumzika siku moja, nikirudi nakuta nguzo zinalia, kama kitanda cha mtu mzito. Nyingine zimepinda. Naweka zingine.

Nikihama, nani atamshikilia? Mose akijua ataleta chifu, chifu ataleta utepe wa kuzuia watu, watanitoa mle kama mbuzi, na nyanya yako ataanguka huko ndani peke yake. Kumhamisha siwezi. Mtu wetu akishazikwa kwake, hapo ndipo kwake. Na nikikaa, najua ule ufa wa ukutani unasema nini, sihitaji Obwocha kunisomea.

Kwa hiyo kutoka siwezi na kukaa siwezi. Hiyo ni aina gani kwa Java yako? Usiniambie ni ile ya tatu, ya kuacha programu ife. Nani alipanga kwamba hiyo ni ya kukimbia? Alikuwa na mke?

Usimwambie mtu.

Nyangate

*

Mombasa, 15 Juni 2025

Babu yangu,

Nimesikia.

Salamu leo nitaziweka chini. Kwanza yule mtu wa ofisini. Ni mimi. Wewe ulijua tangu Aprili. Ile kamata tupu niliiandika jioni moja kabla ya maonyesho, na nilipoona parachichi zimeoza nilijua siku hiyohiyo, nikafunga mdomo. Barua yako ilipofika niliisoma kwenye ngazi za ofisi, na ule mstari wa nguzo zinazolia nikashindwa kuupita. Kesho yake nilianza kwa Sharon, nyumbani kwao. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanifungia mlango usoni. Halafu nikaenda kwa Gibson, watu wote wakiwepo.

"Ulijua wakati wote huu?" akasema.

"Ndiyo."

"Na Sharon je?"

"Yeye hakuwa na kosa. Programu yangu ndiyo iliyonyamaza."

Akakaa chini. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema uondoe mekundu." Kisha akasema hata akiliandika kosa lake kwenye ripoti, langu litabaki palepale. Sharon amerudishwa kazini. Mimi nimesimamishwa mpaka kikao cha tarehe 3 Julai, na huenda wakanifukuza. Sijafurahi, Babu, usidhani nimefurahi. Lakini jana nilivuta pumzi mpaka chini, kitu nilichokuwa nimekisahau.

Sasa wewe. Umesema nisimwambie mtu. Sitakudanganya. Barua hii inafika kesho kwa basi. Kesho hiyohiyo jioni nitampigia Baba Mose na kumwambia yote. Simpigii leo kwa sababu nakujua: ukisikia watu wanakuja utashuka ndani na hutatoka. Nakutangazia mapema, ili usiseme nimekushtukiza. Una mchana mmoja wa kunitangulia.

Ninalokuomba ni hili. Usiposhuka, Mungu ashukuriwe. Lakini ukitaka kushuka tena, nenda kwanza kwa Obwocha. Msimamishe mdomoni. Mtajie yote, usiruke hata moja. Akisema nimesikia kwa kila moja, mimi sitakuwa na neno.

Kuna kitu cha Java sikukuandikia. Baada ya jaribu na kamata kuna neno la tatu, *finally*, yaani hatimaye. Yaliyoandikwa pale hufanywa kwa vyovyote vile, kosa litokee lisitokee: unafunga ulichofungua, unaachia ulichokishika. Ya nyanya ulishayafanya. Ulimuuguza, ulimzika alipopachagua, ulimpangia matofali. Nguzo ya mkaratusi haiwezi kuongeza hapo wala kupunguza. Limebaki moja, kuachia ulichokishika, na hilo najua ndilo gumu.

Hujambo, Babu. Mama hajambo. Parachichi sili tena.

Joyline wako

*

Tabaka, 22 Juni 2025

Kwa Joyline,

Wote tuko juu ya ardhi. Hiyo ndiyo salamu ya leo.

Barua yako niliipokea Jumatatu, jua halijawa kali. Nilikasirika. Nilisema huyu mtoto ananipa amri kama karani. Nikachukua mtaimbo niende kushuka, nikafika mdomoni, na mguu ukakataa. Nadhani ni baridi yabisi. Basi nikaenda kwa Obwocha.

Alikuwa nje kwake, anapiga bakuli msasa. Hakuinua kichwa. "Umekuja kuazima msumeno?"

"Nimekuja kutaja," nikamwambia.

Akaacha bakuli. Akaosha mikono ule unga mweupe, akachukua kamba, tukaenda. Pale mdomoni akasimama anaposimama kila siku, na mimi nikaanza.

"Maji yakiwemo, nitupie kamba."

"Nimesikia."

"Udongo ukimwagika kidogo, piga kelele, usishuke."

"Nimesikia."

"Nguzo ya katikati ikikatika."

 Obwocha akasubiri. "Haya, taja. Nguzo ya katikati ikikatika, mimi nifanye nini?"

Nikafungua mdomo. Joyline, mimi nimebishana na wanunuzi kutoka nchi za mbali nikawashinda, nimebishana na chifu, nimebishana na daktari. Lakini pale nilitafuta neno moja la kumwambia Obwocha nikalikosa. Hakuna la kufanya ile ikikatika. Kila asubuhi nilikuwa nashuka na jambo hilo mgongoni na sikuliona, kwa kuwa sikuwahi kulisema kwa sauti mtu mwingine akisikia.

Obwocha akasema, "Hilo mimi sikulisikia." Akaanza kukunja kamba.

Nikamwambia, "Obwocha, ni Kwamboka yuko juu ya nguzo hiyo."

"Najua," akasema. "Hata siku ile nilikuja kwa ajili hiyo. Ulinifukuza nikiwa bado kwenye habari za mlango."

Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyemwita Mose. Andika hivyo kwenye kumbukumbu zako: ulipompigia jioni alikuwa tayari ameshika kitanda changu upande mmoja, Nyasani upande mwingine. Nimekutangulia. Chifu akaleta utepe kama nilivyosema ataleta. Na Mose alipoondoa zile kalenda akatazama ukuta, akanitazama mimi, akatoka nje akakaa juu ya kinu.  Afadhali angenitukana.

Alhamisi mchana nyumba ikaenda. Haikupiga kelele nyingi kama nilivyodhani. Ilipiga goti kwanza, chumba kikaingia chini polepole na mabati yake, halafu vumbi jeupe likaja mpaka ng'ambo ya kijito, kuku wote wakawa weupe. Vumbi lilipotulia nikaona kaburi bado liko, pembe moja inaning'inia juu ya shimo.

Nilitaka kwenda pale, wakanishika. Nililia, lakini ilikuwa vumbi.

Basi wachimbaji wakaja, hata wale ambao sisalimiani nao. Hakuna aliyeshuka. Walijifunga kamba viunoni, wakamwaga kifusi kutoka upande wa juu ulio imara, Obwocha akiwa mtu wa mdomoni, na kila aliyesogea alitaja kwanza. Mwalimu Nehemiah alibeba mawe na viatu vyake vya Sabato. Kifusi kikaisha na pembe bado inaning'inia. Wakasimama wanatazamana.

Ndipo nikawapa ufunguo wa ghala. Unajua ghala langu, hujawahi kuliona lakini nimekuelezea. Jiwe jekundu lote lilikuwemo, yale mapande niliyokuwa nawanyima wanunuzi nikingoja mtu anayestahili. Na viboko vilivyokamilika, na tembo, na ile sinia kubwa. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, hata hivi vya kuchongwa?" Nikamwambia, "Nimetaja, au hujasikia?" Vyote vikarudi vilikotoka. Kiboko cha mwisho nilikisukuma kwa mkono wangu, Obwocha amenishika mshipi nyuma.

Pembe ikakaa. Kaburi limeinama kidogo kuelekea kijitoni, kama mtu anayesikiliza. Hakuna maiti Gusii nzima aliyelala juu ya msingi kama ule, hata matajiri. Nimeshawaambia watu hivyo kanisani.

Sasa nalala sebuleni kwa Mose. Utepe bado umefungwa na chifu amenikataza kuvuka, mvua ikiisha ndipo watatazama tena. Nakaa mlangoni natazama ng'ambo mchana kutwa. Nyasani ananiletea uji. Huko ng'ambo nilikuwa siwezi kutoka, huku siwezi kwenda. Lakini usiku nalala, na hakuna kinacholia chini yangu.

Wakikufukuza huko, wakufukuze. Wakikuacha, vilevile. Ukitoka kwenye kikao panda basi. Na kwa kuwa umenifundisha kutangaza mapema, natangaza. Utakapofika utakuta mzee amekaa mlangoni kwa Mose. Anaweza kujisifu, hiyo ni ya kawaida, ipite. Anaweza kukukaripia kwa sababu ulimpa amri, hiyo nayo ni ya muda. Anaweza kukupeleka mpaka kwenye utepe akuonyeshe nyanya yako alipo, na pale maneno yakamwishia katikati.

Hiyo ya mwisho ikitokea, sijui la kukuambia ufanye. Simama tu hapo karibu, useme umesikia.

Babu yako,
Nyangate

Simu nimeitoa kwenye soksi. Haina chaji.